Vidato na kuta ndogo za nyumbani: tofali la kuchoma, tofali la saruji au zege?

Watu wengi hununua matofali kwanza, halafu ndipo wanapima. Kwa ukuta wa bustani si neno: ukipungukiwa kozi moja (safu moja ya matofali), ukuta unakuwa mfupi kidogo na maisha yanaendelea. Kwa vidato vya mlangoni ni balaa. Mguu ukishapanda kidato kimoja huwa umekariri kimo chake, na kinachofuata kikizidi au kikipungua kwa sentimita mbili tu, mtu anajikwaa, hasa akiwa anashuka gizani na ndoo mkononi. Ndiyo maana hapa vidato vitachukua nafasi kubwa kuliko kuta, na futi kamba itatangulia mwiko.

Wanaoshindana ni wanne: tofali la udongo lililochomwa, tofali la saruji (la inchi 6 ndilo linalofaa zaidi kwa kazi ndogo), zege la kumwaga, na matofali yanayopangwa bila saruji. Tofali bichi la udongo nimeliacha nje. Chini ya paa pana lina heshima yake, lakini kwenye kidato kinachonyeshewa na kukanyagwa kila siku halidumu.

Vidato: tofali ndilo linaloamua kimo

Kanuni ya zamani ya mafundi wa ngazi ni hii: chukua kimo cha kidato mara mbili, jumlisha na upana wa kukanyagia, upate kati ya milimita 600 na 650. Kwa vidato vya nje, kimo cha milimita 150 hivi na upana wa 300 au zaidi kidogo humfaa mzee, mtoto na mbeba mizigo. Kimo kikizidi 180 magoti huanza kulalamika.

Sasa weka matofali kwenye hesabu hiyo. Tofali la kuchoma la kiwandani la kipimo cha Uingereza lina urefu wa milimita 215, upana 102.5 na unene 65. Lilaze, weka mota (mchanganyiko wa saruji na mchanga unaounganisha matofali) ya milimita 10 chini yake, unapata 75. Kozi mbili ni 150. Upana nao: tofali moja la urefu, kiungo, kisha nusu tofali, jumla kama 327. Mara mbili 150 ukajumlisha 327 ni 627. Unaingia katikati ya kanuni bila kukata tofali hata moja kwa ajili ya kimo.

Tofali lililofyatuliwa kwa mkono halifuati vipimo hivyo, na hata matofali ya tanuri moja hutofautiana. Panga kumi kwa mstari yakigusana, pima urefu wote, gawanya kwa kumi. Rudia kwa unene. Wastani huo ndio wa kufanyia hesabu. Ukipima tofali moja ulilookota juu ya rundo umejidanganya mwenyewe.

Tofali la saruji la milimita 450 kwa 225 kwa 150, yaani lile la inchi 6, ni habari nyingine. Likisimamishwa kama linavyosimama ukutani, pamoja na mota linafika 235. Hicho si kidato, ni kipandio cha kuingilia kwenye lori. Wengi hukosea hapa kwa sababu tofali limezoeleka kusimama. Lilaze ubavu: 150 na mota 10 ni 160, kimo kizuri kabisa. Urefu wake ukiuelekeza ndani, kuelekea mlango, na tofali la juu likalalia la chini kwa milimita 130, unabaki na 320 za kukanyagia. Kama matofali yako yana matundu, yajaze zege kabla ya kupanda kozi inayofuata, au tafuta yasiyo na matundu. Tofali tupu ndani, likilala na kukanyagwa, hupasuka juu ya tundu.

Zege halina masharti ya kimo. Mbao za kufungia, zinazolishika hadi likauke, ndizo zinazosema. Hapo ndipo zege linapoyashinda matofali ya aina zote mbili: urefu wa mlango usipogawanyika vizuri.

Chukua mfano. Kizingiti kiko milimita 520 juu ya ardhi. Ukigawanya kwa tatu unapata 173. Mbao za kufungia zinakatwa 173 na kazi imekwisha. Kwa tofali la kuchoma, vidato vitatu vya 150 vinafika 450, na unabaki na 70 zinazoning'inia. Kuongeza mota hakusaidii. Kiungo cha milimita 20 ni kinene na dhaifu. Kutengeneza kidato cha nne cha 70 ni kutega mtego. Dawa ni kumaliza tofauti hiyo chini, pale ngazi inapoanza: weka sakafu ndogo mbele ya kidato cha kwanza, iliyoinuka milimita 70, kisha jaza udongo kuizunguka hadi usawa wake ili isigeuke kuwa kidato kingine. Ni kazi ya ziada, lakini unabaki na tofali zima na vimo vinavyofanana.

Ipo hesabu moja ambayo hata mafundi wazuri huisahau. Ukipanga kupiga lipu au kubandika vigae juu ya vidato, unene wake unaongezeka kwenye kila kikanyagio. Vidato vya katikati havibadiliki, kwa kuwa vyote vimepanda pamoja. Kidato cha kwanza kinarefuka kwa unene huo wote, na cha mwisho, kinachofika kwenye kizingiti, kinapungua kwa kiasi hichohicho. Lipu ya milimita 25 inakupa 175 chini, 150 katikati na 125 juu. Toa unene wa lipu kwenye kidato cha kwanza wakati bado unajenga. Tofali la kuchoma lisilopigwa lipu halina tatizo hili, na kwangu hiyo ni sababu kubwa ya kulipenda kwa vidato.

Uzito, idadi na mgongo wako

Fikiria ngazi ya vidato vitatu, upana wa mita moja, kimo 150, kukanyagia 300, iliyojazwa yote, bila jukwaa la mlangoni. Ujazo wake ni mita za ujazo 0.27. Kwa matofali ya kuchoma unahitaji kama 140. Kwa matofali ya saruji ya inchi 6, kama 16. Kwa zege, ni hiyo 0.27 yenyewe, ambayo ina uzito wa karibu kilo 650, yote ikichanganywa na kumwagwa siku moja.

Ukisoma haraka, matofali 16 yanaonekana kushinda. Lakini tofali moja la saruji lisilo na matundu lina kama kilo 30, na unatakiwa kuliweka taratibu juu ya mota bila kuigandamiza upande mmoja. Tofali la kuchoma lina kilo mbili na nusu. Mtu mmoja anayejenga jioni baada ya kazi, kwa mkono mmoja na mwiko kwenye mkono wa pili, anamudu matofali ya kuchoma kwa wiki nzima bila kuumia. Anaweza pia kuacha kazi kwenye kozi yoyote, akafunika, akarudi kesho. Zege halina huruma hiyo. Ukilimwaga nusu leo na nusu keshokutwa, panabaki ufa wa kukutania, na maji yatauona kabla yako.

Kwa upande mwingine, kosa la zege hutokea mara moja tu, kwenye mbao. Ukizipima vizuri, ukazikaza, ukaziangalia kwa pimamaji, kinachobaki ni nguvu. Kujenga kwa matofali ni kupima upya kila kozi. Asiye na subira ya uzi na pimamaji ni heri amwage zege.

Mchanganyiko wa zege la vidato ni 1:2:4, yaani saruji, mchanga, kokoto. Maji kidogo tu: zege linalotiririka kama uji ni jepesi kumwaga na dhaifu likikauka. Usilainishe uso kwa mwiko hadi ung'ae. Pitisha ufagio mgumu kukatisha njia ya mguu, uache mikwaruzo ya kuzuia kuteleza. Kisha lifunike na kulinyeshea kwa siku 7. Nguvu kamili inayokusudiwa hupimwa siku ya 28.

Yanayofanana kwa zote

Msingi hauna upendeleo. Chimba utoe udongo wa juu wenye mizizi, shindilia vifusi au mawe madogo, kisha weka jamvi la zege la milimita 100 hadi 150 linalotokeza kidogo mbele ya kidato cha kwanza. Kila kikanyagio kiinamie mbele milimita 4 au 5, maji yasisimame wala kurudi ukutani. Kidato cha juu kabisa kiwe jukwaa: kama mlango unafunguka nje, mtu awe na pa kusimama anapouvuta.

Na usiifunge ngazi kwenye ukuta wa nyumba. Nyumba imeshatulia miaka mingi. Ngazi mpya bado itashuka kidogo. Ukiziunganisha, moja itaivuta nyingine na utapata ufa. Weka karatasi ya lami au plastiki nzito katikati. Hiyo pia huzuia unyevu wa ngazi kupanda ukutani ukapita juu ya tabaka la kuzuia unyevu lililo kwenye msingi.

Kuta ndogo za bustani na mabenchi

Hapa ushindani unageuka. Mita moja ya mraba ya ukuta wa nusu tofali (unene wake ni upana wa tofali moja) inataka matofali ya kuchoma 60. Eneo hilohilo linataka matofali ya saruji 10 tu. Kwa ukuta mrefu, tofali la saruji linakuokolea siku kadhaa, na mota pia, kwa sababu viungo ni vichache.

Bei yake unailipa baadaye, kwenye lipu. Tofali la saruji ni nadra kuachwa wazi kwa sababu za macho, na lipu kwenye ukuta unaoshikilia udongo ina maadui nyuma yake. Maji ya bustani hupenya, hufika nyuma ya lipu, huisukuma, na baada ya misimu michache unaona mabaka yamevimba. Ukichagua njia hii, paka lami upande wa udongo kabla ya kujaza, weka kokoto nyuma ya ukuta, na uache vitundu vya kutolea maji karibu na chini, kimoja kila mita moja hivi. Ukuta wa tofali la kuchoma nao unahitaji vitundu hivyo, lakini ukikosa lipu hauna cha kubanduka. Kitakachoonekana ni unga mweupe wa chumvi. Huo ufute kwa brashi kavu. Ukiukosha kwa maji mengi unairudisha chumvi ndani isubiri jua lingine.

Unene nao una mipaka. Ukuta wa nusu tofali, wa milimita 102.5, unaosimama wenyewe bila nguzo, usiuvushe nusu mita. Ukishikilia udongo hata kidogo, jenga tofali zima, milimita 215, ukipishanisha viungo kila kozi. Ukuta wa kuzuia udongo unaokaribia mita moja haumo tena katika kazi za kujifunzia. Nguvu ya udongo uliolowa huongezeka haraka kuliko kimo cha ukuta, na hapo mhandisi anahitajika.

Kwa kimo cha goti nachagua tofali la kuchoma bila kusita. Juu ya hapo, ukuta ukiwa mrefu na ukiwa tayari kupiga lipu na kupaka rangi, tofali la saruji. Na lolote utakalochagua, funika kichwa cha ukuta. Mvua huingia zaidi kwa juu kuliko kwa pembeni. Kozi ya mwisho ya matofali yaliyosimamishwa kwa ubavu, au bamba la zege linalotokeza pande zote mbili, linatosha.

Penye moto hakuna ushindani

Jiko la nje, tanuri dogo, mahali pa kuota moto: tofali la kuchoma, basi. Lilishapita motoni kabla halijakufikia. Zege na tofali la saruji hupoteza nguvu kwenye joto kali, na unyevu uliomo unaweza kurusha vipande. Mota ya saruji pia huvunjika karibu na moto; tumia udongo wa mfinyanzi uliochanganywa na mchanga, viungo vyembamba, na ukubali kuvikarabati mara kwa mara. Mawe ya mtoni yaache yalipo. Maji yaliyonaswa ndani yake yakigeuka mvuke, jiwe hupasuka kwa kishindo.

Bila saruji kabisa

Chaguo hili hudharauliwa. Kingo za njia, mduara wa maua, kitako cha benchi la kozi mbili tatu: shindilia ardhi, mwaga mchanga wa milimita 30 hadi 50, usawazishe, panga. Ukigundua mwezi ujao kwamba njia ingekunja kushoto, unayainua na kuyapanga upya bila hasara. Mpangaji ambaye hajui atakaa muda gani, au mwenye nyumba asiye na uhakika na ramani ya uwanja wake, aanzie hapa. Usijenge vidato kwa namna hii. Tofali linalotikisika chini ya mguu ni hatari zaidi kuliko mteremko wa udongo.

Mota: kali zaidi si bora zaidi

Wengi huamini ukiongeza saruji unaongeza usalama. Kwenye kuta ni kinyume. Mota ikiwa na nguvu kuliko tofali, ukuta ukijongea kidogo ufa utapita katikati ya matofali, ambayo huwezi kuyaponya. Mota ikiwa dhaifu kidogo, ufa utafuata kiungo, nawe utakikwangua na kukijaza upya. Kwa tofali la kuchoma la kawaida, 1:5 au 1:6 ya saruji na mchanga inatosha ukutani. Ukipata chokaa, 1:1:6 ya saruji, chokaa na mchanga hulainika vizuri zaidi chini ya mwiko. Kwa vidato, vinavyokanyagwa na kulowa, panda hadi 1:4, mradi matofali yenyewe ni magumu. Changanya kiasi utakachotumia ndani ya saa mbili au pungufu. Mota iliyoanza kukaza usiifufue kwa maji.

Mchanga upime kwa chupa ya kioo: jaza nusu mchanga, ongeza maji na chumvi kidogo, tikisa, acha usiku kucha. Tabaka la matope litakalolala juu likifika sehemu moja ya kumi ya mchanga, uoshe au tafuta mwingine.

Matendo ya maji ndiyo yanayotenganisha aina hizi mbili za matofali kuliko watu wanavyodhani. Tofali la kuchoma kavu hunyonya maji ya mota kabla saruji haijayatumia, kwa hiyo lilowanishe, kisha uliache uso ukauke kidogo kabla ya kulilaza. Tofali la saruji usililoweke. Likilowa hutanuka, likikauka hunywea, na likinywea likiwa tayari ukutani linapasua kiungo. Siku ya mvua funika rundo la matofali ya saruji. Ya kuchoma hayahitaji kubembelezwa.

Kulikagua tofali la kuchoma ni rahisi. Gonga mawili: yatoe mlio wa chuma, si wa gogo. Liloweke saa 24. Uzito ukiongezeka kwa zaidi ya moja ya tano, libaki nje ya vidato, hata kama rangi yake inapendeza. Yaliyoiva nusu yatumie katikati ya ujenzi, mahali pasipofikiwa na mvua wala mguu.

Ningejenga ipi?

Kwa mlango ulio juu ya ardhi kwa kimo kinachogawanyika kwa 150 au karibu yake, na matofali magumu yakipatikana: tofali la kuchoma, kikanyagio cha juu kikiwa cha matofali yaliyosimama kwa ubavu ili kingo zisivunjike. Hayo huchukua 112 pamoja na mota badala ya 75, kwa hiyo punguza chini yake. Ukiweka kozi moja iliyolala na moja ya ubavu unafika 187, na hiyo imezidi. Wengi huitatua kwa kusimamisha ubavu kozi moja tu ya matofali, na kuweka chini yake zege la unene wa tofauti iliyobaki, milimita 38 hivi. Hapo umeshachanganya, na kuchanganya si dhambi: zege ndani, tofali usoni, ndiyo ngazi ninayoiamini kuliko zote.

Kwa kimo kigumu kugawanyika, au matofali ya tanuri yasiyoaminika, mwaga zege. Kwa mwenye nguvu za kubeba, msaidizi mmoja, na haraka: matofali ya saruji yaliyolazwa, akikumbuka hesabu ya lipu.

Mchukue pia fundi wa mkono wa ngazi kwenye mawazo yako mapema. Kimo cha jumla kikizidi milimita 600, panahitajika mahali pa kushika. Nguzo yake kwenye zege unaisimamisha kabla ya kumwaga, au unatoboa baadaye bila hofu ukikaa mbali na ukingo. Kwenye matofali ya kuchoma usitoboe pembeni, kwa sababu tofali la mwisho hung'oka pamoja na skrubu. Acha tundu la nguzo ndani ya ngazi, walau tofali moja na nusu kutoka ukingoni, ulijaze zege siku nguzo itakapofika.